Nyongeza ya Mama Bertilla

Pale sokoni Sumbawanga, ukitaka kupimiwa ulezi kwa roho nzuri, unamuulizia mama Bertilla wa Malangali. Kopo lake hulijaza mpaka ulezi unasimama kilele, kisha, ukiwa umeshaanza kufunga mfuko wako, anachota kiganja kimoja zaidi na kukutupia juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Miaka ishirini na sita hajampimia mtu kopo pungufu, na wenye mkono wa birika anawasema hadi kwenye jumuiya, rozari ikishaisha.

Basi Jumatatu moja mjukuu wake Monika, mwenye miaka miwili na mdomo wa mtu mzima, aliamka na homa. Mama yake, Cornelia, alimkimbiza kituo cha afya. Malaria haikuonekana, wakampa dawa ya maji ya kushusha homa pamoja na kikombe chake kidogo cha plastiki. Cornelia ni mwalimu, na wiki hiyo alikuwa anasimamia mitihani. Kabla ya kutoka alimwonyesha mama mkwe wake mstari uliochorwa katikati ya kikombe.

"Mama, mwisho ni hapa. Mara tatu kwa siku."

"Nimesikia, mwanangu."

Na kweli alisikia. Lakini alipobaki peke yake alikigeuzageuza kile kikombe na kukishangaa. Chenyewe kidogo kama kizibo, halafu eti kijazwe nusu! Aliyekitengeneza alilelewa na nani? Hata maji mgeni hapewi nusu kikombe, sembuse dawa, sembuse Monika. Akamimina hadi ukingoni. Mtoto akanywa, akalamba midomo, maana dawa ilikuwa tamu.

"Bibi, ongeza."

Bibi akamdondoshea matone mawili juu ya ulimi. Homa ikashuka, naye akajisifu, na tumpe haki yake, ilishuka kweli.

Jumanne alasiri Cornelia alirudi, akainua chupa, akaitikisa. Tupu.

"Mama, hii ilikuwa ya siku tatu. Imemwagika?"

"Haijamwagika hata tone," Bertilla alijibu kwa fahari. "Yote iko tumboni kwa mtoto."

Cornelia alimbeba Monika mgongoni, akavaa kandambili zisizofanana na kushika njia ya kituo cha afya. Bertilla akamfuata mbio, na humo njiani ndipo hofu ilipomwingia. Alimwogopea mtoto. Na nyuma ya hofu hiyo ilikuwepo nyingine, aliyoionea aibu: kwamba Cornelia hatamwachia tena Monika. Atampeleka Wampembe kwa mama yake mzazi, huko ziwani, na yeye abaki kumwona Krismasi hadi Krismasi.

Walimkuta daktari Lutengano, kijana mrefu wa kutoka Mbeya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba."

Alisoma maandishi ya chupa, akampima Monika uzito, akambonyeza tumbo, kisha akauliza mtoto alipewa kiasi gani.

"Kikombe kimoja kimoja," Bertilla akasema, macho yakiwa chini.

Lutengano akamletea kikombe kama kile na jagi la maji. "Hebu nipimie vilevile ulivyompimia."

Mkono wa sokoni haujui kudanganya. Ulijaza hadi ukingoni, ukasita kidogo, ukaongeza matone mawili. Daktari alijibana, akashindwa, akacheka.

"Bibi, hujampa mtoto dawa. Umempakia lumbesa!"

Neno hilo lilimchoma. Ni yeye, Bertilla, aliyemfukuza uani mnunuzi wa Laela aliyetaka gunia la mahindi lishindiliwe mpaka liote kichuguu, halafu lihesabiwe gunia moja. Leo lumbesa ni yake!

"Nyongeza ya ulezi ni baraka," Lutengano akasema, sasa bila kucheka. "Dawa hii ikizidi inaharibu ini la mtoto kimyakimya, huku anacheza. Kwa uzito wake, hizi siku mbili hazijamfikisha pabaya. Ila ungekuwa na chupa ya pili, tungeongea mengine. Leo hapewi tena. Akae hapa tumwangalie."

Bertilla alilia palepale mbele ya watu wote, akijifuta kwa ncha ya kitenge.

Jioni waliruhusiwa, wakapewa chupa mpya ya kuanza kesho yake, homa ikirudi. Njia nzima Cornelia alitangulia na mtoto mgongoni bila kugeuka nyuma, na hilo lilimuuma mama mkwe kuliko matusi.

Asubuhi homa ilirudi kidogo. Cornelia aliweka mezani chupa mpya na kikombe, akasimama mlangoni, mkoba begani, haendi wala harudi. Bertilla akavaa miwani yake ya kusomea misale. Akainama mpaka jicho likalingana na mstari, akamimina polepole, akaacha penye mstari. Ile nusu tupu ilimuuma moyo.

Monika akanywa, akalamba midomo. "Bibi, ongeza."

Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyemwomba nyongeza akanyimwa.

"Hakuna nyongeza," Bertilla akasema, akafunga chupa.

Monika akaangua kilio cha mtu aliyedhulumiwa sokoni. Cornelia, ambaye hakuwa amecheka tangu jana, akacheka.

"Mama, nachelewa shule," akasema, akiuvuta mlango. "Ya mchana ni saa nane."