Zamu ya Mama Mkubwa Magdalena

Elieshi alikuwa na ugonjwa mmoja: hakupenda kuandika jambo ambalo kila mtu analijua. Ukiwaandikia binadamu, huo si ugonjwa hata kidogo. Lakini safari hii hakuwa akiwaandikia binadamu.

Chama cha mfereji ulioko juu ya Tengeru, kwenye miteremko ya Meru alikozaliwa, kilimpa kazi ya kuandika maelekezo ya programu ya zamu za maji. Msomaji wake angekuwa wakala wa akili mnemba, mtambo unaosoma maelekezo kisha unatenda wenyewe. Unamtumia mkulima ujumbe kwamba zamu yake imefika, unasubiri nusu saa, na asipojibu unampa maji anayefuata. Anayekosa zamu tatu mfululizo anafutwa, na jina la kwanza kwenye foleni ya wanaosubiri linaingia. Elieshi aliandika kurasa kumi na nne chumbani kwake Sekei, akaziona zimenyooka, akajipongeza kwa chai ya tangawizi. Vyama vya mifereji mingine sita vilikuwa vinasubiri kuona matokeo ili vimpe kazi hiyohiyo.

Kabla ya kuandika alimhoji Mzee Ndesanjo, aliyegawa maji kwa kichwa chake miaka thelathini. Mzee alieleza weee, mpaka akafika mahali pa kusema, "Na nyumba ikiwa na msiba..." Elieshi akafunga daftari. "Hilo nalijua, babu. Hilo kila mtu analijua."

Na kweli kila mtu alilijua. Nyumba iliyofiwa haishiki jembe wala lango la maji mpaka matanga yaanuliwe, na zamu yake haiguswi.

Mwezi wa nane, wakati wa ukavu, akafariki baba mkubwa Nelson, kaka wa baba yake Elieshi. Elieshi akapanda nyumbani kusaidia. Siku tisa alimenya ndizi, akakoroga masufuria, akapokea waombolezaji shikamoo kwa shikamoo. Katika siku hizo tisa zamu ya mjane, mama mkubwa Magdalena, ilifika mara tatu, na mara tatu wakala akatuma ujumbe, akasubiri nusu saa yake, akapita. Hakumwonea mtu. Alifanya alichoandikiwa, neno kwa neno.

Matanga yalipoanuliwa, Magdalena aliteremka langoni na jembe begani. Akamkuta Reginald, aliyekuwa amekaa kwenye foleni miaka miwili, anaelekeza maji kwenye vitunguu vyake vipya. Nyanya za Magdalena, alizopanda marehemu kabla hajaugua, zilikuwa zimekunja majani.

Chama kikaitisha kikao juu ya jambo hilo, na siku yenyewe mwenyekiti Aristides alimvuta Elieshi pembeni ya ukumbi wa kanisa. "Mwanangu, tuseme mtandao ulisumbua. Yanaisha."

"Na mama mkubwa atarudishiwa jina lake?"

"Hapo sasa. Ikiwa ni mtandao, maelekezo hayana kosa na Reginald ameingia kihalali, hatuwezi kumtoa. Mama ataingia foleni. Ukisema maelekezo yalikosewa, tunamrudisha leo hii. Lakini wale wa mifereji sita wamo humo ndani, wanasikiliza."

Nisifiche: Elieshi aliwaza zile kazi sita kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza kusimulia. Kisha akaingia ukumbini, akasimama mbele za watu.

"Wakala hana kosa," alisema. "Mimi ndiye sikuandika habari ya msiba. Niliona ni jambo linalojulikana. Nikasahau kwamba anayesoma hajawahi kuzika."

Jina la Magdalena likarudishwa kwenye orodha, Reginald akatoka bila kumsalimia mtu, na wageni wa mifereji sita wakaondoka bila kuaga. Elieshi alijua simu zao hazitapigwa tena.

Alasiri hiyo alifuatana na mama mkubwa hadi shambani. Maji yalikuwa yanapita kwenye matuta, lakini nusu ya nyanya zilikuwa zimekwisha kufa. Elieshi aliomba radhi, akaomba tena, halafu akauliza lile lililokuwa linamkera tangu siku ya kwanza.

"Mama mkubwa, ule ujumbe hukuuona? Si ungenionyesha tu. Nilikuwa hapohapo."

"Niliuona. Mara zote tatu." Magdalena aliendelea kung'oa mashina makavu, moja baada ya jingine. "Ndesanjo alishatuambia kwamba maelekezo ameandika Elieshi wetu. Nikawaza, Elieshi si yuko jikoni kwangu anamenya ndizi, anajua nimefiwa. Basi nikaweka simu chini ya mto, nikaendelea kulia."