Ada kwa Aliye wa Kwanza

Mimi Mishi wa Makole siogopi mtu, na siku ya kufunga shule ile Juni nilikaa benchi la mbele kabisa na doti yangu mpya ya khanga, nikisubiri jina la mwanangu. Salha hajawahi kuwa wa pili tangu darasa la kwanza, na sasa yuko la saba. Walimu humsifu mpaka mzazi unaona haya.

Lakini sifa haziliwi. Baba yake, Hamza, alipunguzwa kazi shirika lilipouzwa. Nafasi za sekondari za serikali ni chache kama mvua za kwetu, na hizi shule za binafsi zinazoota kila kona zinataka ada. Hamza alishaanza kusema atauza shamba la marehemu baba yake kule Kondoa. Mlango uliobaki ulikuwa mmoja: Mzee Abdulnasiri, mwenye duka la nguo sokoni, ambaye kila mwaka humlipia mtoto mmoja wa la saba ada ya sekondari, kidato cha kwanza hadi cha nne.

Na anamlipia nani? Aliyepanda zaidi kutoka mtihani wa Juni hadi wa Agosti! Wazo la Mwalimu Mkuu William hilo. "Haba na haba hujaza kibaba, Mama Salha," aliniambia. "Tumtie moyo anayejikongoja." Mwaka jana akachukua Hasani, aliyetoka mkiani akafika katikati. Katikati, jamani! Aliyeongoza akapewa daftari na makofi. Sasa mtoto aliye juu apande wapi tena, mbinguni?

Basi Mei nikafunga safari hadi dukani. Nikamwamkia mzee, kiti nikakikataa.

"Mzee wangu, chanda chema huvikwa pete," nikamwambia. "Wewe unakivika pete kidole chenye kidonda, eti kwa sababu kimeanza kupona!"

Alicheka mpaka akavua miwani, lakini hakukubali. Nikarudi tena, na tena, mpaka akawa akiniona tu anaguna. Mwisho akasalimu amri: mwaka huu ada itakwenda kwa atakayeongoza mtihani wa Juni.

"Ila funga mdomo, Mishi. Nitatangaza mwenyewe siku ya kufunga. Sitaki watoto wasome kwa tamaa."

Nikafunga. Hata Hamza sikumwambia, na mimi kunyamaza ni ugonjwa.

Sasa Mwalimu William kasimama na matokeo. Desturi yao ni kusoma kutoka juu kushuka chini, mbele ya wazazi wote. Nikajiweka sawa kupiga kigelegele.

"Wa kwanza, Emilia!"

Kigelegele nikakimeza. Wa pili, si Salha. Wa tatu, si Salha. Kumi bora ikaisha. Wazazi wakaanza kunigeukia, wengine wananionea huruma, wengine, nawajua, wanafurahi. Jina la mwanangu lilisomwa watu wameshaacha kusikiliza, kule chini kabisa, na mwalimu mwenyewe alilisoma akiwa ameinamisha kichwa.

Yarabi toba! Nikawaza malaria, nikawaza mvulana, nikawaza jicho la mtu. Niliinuka mbele ya watu wote, nikamshika Salha mkono, nikamburuta hadi nyuma ya madarasa.

"Umefanya nini? Nani kakuroga?"

Hakuwa analia. Alikuwa anatabasamu! Nusura nimzabe kofi.

"Mama, tulia kwanza," alininong'oneza. "Nimefanya makusudi. Majibu nilikuwa nayajua, nikaandika mengine. Agosti natoka huku chini hadi wa kwanza. Nani atapanda kunishinda? Ile ada ni yangu, mama. Baba hatauza shamba."

Huyu mtoto amekaa peke yake akapiga hesabu za watu wazima. Amekubali kuchekwa na shule nzima, na mimi akanificha kwa sababu anaujua mdomo wangu. Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka nikamzibe mzee mdomo kwa mikono yangu miwili.

Nikatimua mbio kweli, khanga inaburuta vumbi. Nilipofika kona ya darasa, Mzee Abdulnasiri alikuwa ameshasimama.

"Mwaka huu nimebadili utaratibu," alikuwa anasema. "Hakuna tena kusubiri Agosti. Ada ya miaka yote minne ni ya aliyeongoza leo. Emilia, njoo mwanangu."

Uwanja ukalipuka. Mama yake Emilia alipiga magoti palepale akilia, masikini, naye ana dhiki zake. Mimi ningesema nini? Kwamba mwanangu alijiangusha kwa hila, kwa hiyo mwenzake anyang'anywe? Mzee alinitafuta kwa macho katika ule umati. Aliponiona akatikisa kichwa taratibu, kwa masikitiko, kama mtu anayetoa pole msibani.

Salha alikuwa amenifuata. Alisimama nyuma yangu, amesikia kila neno, na lile tabasamu lilikuwa limemtoka usoni.

"Kabadilisha," alisema. Akanivuta khanga. "Mama, kabadilisha! Mtu gani huyo asiye na akili kamwambia abadilishe?"

"Mimi," nikamwambia.

Hakunielewa. Ikabidi niseme tena.