Mtoto Nyuma ya Nyavu

Sur nzima, hapa Omani, hakuna kinachonipita mimi. Siku ile miwani niliisahau nyumbani, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho ya Huwaida. Lakini nilikuwepo, na mmiminaji kahawa nilikuwa mimi.

Huwaida anapima kadi za zamani za wachezaji mpira, nyumbani kwao, mtaa wa Aija. Huvaa glavu nyeupe, akaiweka kadi chini ya taa, akatazama kona, mikunjo na madoa, kisha akaandika alama, moja mpaka kumi. Kumi hajapata kumpa mtu. Mzee Harub aliitaka kumi. Kadi yake ilitoka ndani ya paketi ya chai, Unguja, kabla ya meli kumleta huku yeye na jamaa zake mwaka sitini na nne: golikipa mwenye soksi za mistari, nyuma yake nyavu.

"Kona nzuri, ami," alisema Huwaida. "Rangi haijapauka. Lakini nyuma ya nyavu pana mtoto."

"Mtoto gani?"

"Yuko pekupeku. Jana alikuwa kushoto. Leo yuko kulia, kainama."

Akatazama kwenye kompyuta kadi nyengine tatu za golikipa yule yule. Hazikuwa na mtoto. Akaandika: mtoto mmoja, anatembea, toa alama mbili.

Harub akalalamika kuwa mbili ni nyingi.

Mabruka, dada yake aliyekuja naye, akaomba lenzi. Alitazama mpaka kahawa yake ikapoa. Miaka sitini ameambiwa kuwa ni yeye aliyemwachia mkono mdogo wao, Majid, siku ile bandarini. Majid alichopoka akarudi mbio mjini, hakuna aliyejua kafuata nini, na meli ikang'oa nanga. Mama yao, mpaka anakufa, hakumpa tena Mabruka mkono.

"Ni Majid," alisema. "Kifungo kile chekundu cha kanzu nilimshonea mimi."

"Basi kapata pa kukaa," alisema Harub.

Mtoto aliinua jiwe, akatazama chini yake, akalirudisha pale pale. Akapindua mifuko ya kanzu nje. Halafu akaanza tena, kutoka mwanzo wa nyavu.

"Kaka, kadi hii uliipata vipi?"

"Si nakwambieni kila mwaka? Alinipa mwenyewe, pale bandarini. Akasema, chukua kaka, unikumbuke."

Huwaida aliifunga kadi ndani ya kisanduku cha plastiki, akabandika namba yake: nane. Mle ndani mtoto akaendelea na shughuli yake.

"Alikupa kwa mkono wake," alisema Mabruka.

"Kwa mkono wake."

"Basi mwambie, kaka, kuwa unayo wewe. Mpaka leo anaitafuta."

Harub akachukua kikombe chake, akanywa, akafuta mdomo. Nilikuwa bado sijamtilia kitu.