Mwanamke wa Bawaba

Usiku wa jana niliota nimeitwa kwenda kutazama kazi mbaya. Aliyeniita ni msumeno wangu. Alisimama mlangoni mwa karakana yangu hapa Suji, akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, kuna mtu ametengeneza kitu kibovu na watu wanakisifu. Twende."

Nikavaa viatu. Alikuwa na lafudhi ya Moshi, na ni kweli nilimnunua Moshi.

Nyuma ya karakana, pale penye migomba ya jirani, pana mtaa wa mawe meupe na michungwa. Tunaingia nyumba ya kwanza. Bwana mmoja mwembamba mwenye ndevu ameketi kwenye kiti kinachoyumba, anaandika shairi. Jina lake ni Yedidia. Ni mwanachuoni wa Kiyahudi, na aliishi peke yake mpaka mwezi uliopita.

"Karibu," anasema. "Mna joto humu. Atakufungulia dirisha."

Akaja mwanamke wa mbao.

Sipendi kusema kazi ya mtu kabla sijaikagua, kwa hiyo nilitoa karatasi na kalamu nikaikagua. Kifua chake kilikuwa mlango wa kabati. Mabega yalishikwa na bawaba za geti, viwiko na bawaba za sanduku, na ya kiwiko cha kushoto ilikuwa imefungwa juu chini. Miguu ilikuwa ya stuli, ya mraba. Misumari ilitokeza. Gundi hakuna. Kwenye nyonga niliweza kuingiza kidole. Nilihesabu makosa arobaini na moja, nikaandika kila moja na mahali pake.

Naye alitembea. Alifungua dirisha, akaniletea maji, akasimama kando.

Nimetengeneza viti kwa miaka ishirini na miwili. Hakuna hata kimoja kilichowahi kunigeukia.

"Ulimpimaje?" nikauliza.

"Sikumpima."

"Ni mbao gani?"

"Zilizokuwepo." Akafikiri kidogo. "Wa kale wetu waliumba viumbe kwa udongo. Wawili kati yao walitengeneza ndama kila mkesha wa Sabato, wakamla. Mimi udongo unanichafulia karatasi. Nikakusanya mbao, nikasoma majina matakatifu yaliyomo vitabuni, akainuka akafagia."

"Hivi hivi tu?"

"Alianza na kona ile."

"Na anasema?"

"Hasemi. Kiumbe cha kutengenezwa hakina usemi."

Mke wangu Nakijwa naye alikuwemo humo, ameketi kwenye jamvi na kikombe cha chai. "Baba Elineema, umemwona mwenzangu? Nimemsimulia habari zote za mama yako, hajanikatiza hata mara moja."

"Ana kiwiko juu chini," nikasema.

"Wewe una roho juu chini. Mwache mwenzio."

Sikumwacha. Nilivuka mtaa nikaenda kushitaki.

Hakimu alikuwa mlango. Hakuwa na ukuta. Alisimama peke yake katikati ya chumba, na kitambaa chekundu juu yake. Karani wake alikuwa kufuli.

"Shitaka lako?"

"Anatembea bila vipimo."

"Una wivu?"

"Hapana."

Bawaba za hakimu zikalia taratibu. "Andika kwamba amesema hapana," akamwambia kufuli.

Wakaletwa Yedidia na mwanamke wa mbao. Hakimu akamwuliza mwanamke, "Wewe ni mtu au ni samani?"

Mwanamke akamtazama, akatoa kitambaa, akampangusa vumbi.

"Hakujibu," hakimu akasema. "Basi ni samani, na samani haitembei. Afunguliwe arudi mbao. Atakayemfungua ni huyu aliyelalamika, maana ndiye anayejua kazi. Amalize kabla Sabato hajaingia."

Nikatazama nje. Sabato, mama mmoja aliyevaa nyeupe, alikuwa ameketi barazani na sanduku lake la nguo, anasubiri aambiwe aingie. Kwetu Upare, penye Wasabato wengi, Sabato anafahamika, kwa hiyo nikamwamkia.

Nilidhani nitafurahi. Nashika bisibisi. Mwanamke ananyoosha mkono wa kushoto bila kuambiwa, na wa kulia anaukunja kama bakuli ili skrubu zisianguke.

"Usianze na kichwa, fundi," Yedidia akasema. Alikuwa amegeukia ukutani. "Anapenda kutazama."

Nikaanza na kiwiko. Kila nilipofungua, nilichungulia. Nilitaka kukiona hicho alichokificha mwenzangu humo ndani, ili nami nikakiweke kwenye viti vyangu. Mkononi hakikuwemo. Begani hakikuwemo. Nikafungua kifua. Mlikuwa na rafu moja, tupu, iliyofutwa vumbi.

Kichwa nikakiacha mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa ubao wenye mafundo mawili, na mafundo hayo yaliufuata mkono wangu mpaka skrubu ya mwisho.

Nakijwa, aliyekuwa ametufuata na jamvi lake, akaweka kikombe chini. "Haya. Umeridhika?"

"Kidogo."

"Sasa nani atanisikiliza? Wewe?" Akaondoka na jamvi lake.

Nikazibeba mbao, nikajikuta karakanani kwangu. Nikajiambia kwamba kama mtu asiyejua kazi aliweza, mimi nitaweza zaidi. Nikaranda. Nikapiga msasa. Nikachonga viungo vinavyoingiana bila msumari, nikatia gundi, nikaweka pima maji begani: kipovu chake kikakaa katikati kabisa. Nikapaka vanishi mara tatu. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

"Inuka," nikasema.

Hakuinuka.

Majina matakatifu siyajui. Nikasoma yale ninayoyajua, ya miti. "Mninga. Mkangazi. Mvule. Msindano."

Msumeno akakohoa. "Ni kabati, fundi. Kabati zuri."

Nikasema sitamwita yule mtu. Kisha nikamwita. Yedidia akaja, akauzunguka ule mng'aro mara moja, akaniuliza kwa adabu, "Huyu ni nani?"

"Ni yeye."

"Hapana. Yeye ningemtambua."

"Nimeondoa makosa tu."

"Yote?"

"Yote arobaini na moja."

Akaketi kwenye stuli yangu, ambayo haiyumbi, akafunika uso kwa mikono. Sikuwahi kuona mtu akilia juu ya kazi yangu. Nje, Sabato akauliza, "Bado? Siku sita zote hazikukutosha?"

"Bado kidogo, mama."

"Nikishaingia hakuna nyundo."

Ndipo nikaikumbuka ile karatasi ya makosa. Ilikuwa bado mfukoni. Niliiandika kwa chuki lakini niliiandika sawasawa: kila msumari uliopinda, umepindia wapi, kila ufa, upana wake, bawaba ipi imegeuzwa. Duniani kote hapakuwa na mchoro mwingine wa yule mwanamke.

Nikaanza kuharibu. Kosa la kwanza, bega. Kosa la pili, bega jingine. Nabandua gundi, nakwangua vanishi, nalegeza nyonga mpaka kidole kiingie. Mikono inakataa, mkono wangu wa kulia unasema waziwazi, "Mimi sipigi msumari hivyo, watu watatucheka," na mimi nauambia piga. Yedidia ananipokeza misumari.

Sabato akasimama, akachukua sanduku lake. Lilibaki kosa moja, kiwiko cha kushoto. Niliishika bawaba ikiwa imekaa vizuri. Nilijua nikiigeuza atakuwa wa Yedidia, siyo wangu, na nikiiacha hivyo ataendelea kuwa kabati langu zuri. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu kuliko inavyostahili bawaba.

Mguu wa Sabato ukagusa kizingiti. Nikaigeuza juu chini, nikakaza.

Mafundo mawili usoni yakazunguka. Nikamwona ananitafuta. Nikainua mkono ili anione, na hapo nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka na mvua ilikuwa imekatika. Nakijwa alikuwa uani na ufagio.

"Baba Elineema, hebu njoo. Hii ni nini?"

Kwenye tope kulikuwa na vishimo vidogo vya mraba, kiasi cha mguu wa stuli, kimoja mbele, kimoja nyuma, kama mtu anavyotembea. Vilitoka mlangoni mwa karakana, vikapita chini ya dirisha letu bila kusimama, vikaenda moja kwa moja mpaka barabarani. Hakuna hata kimoja kilichorudi.

"Ni nini?" akauliza tena.

"Ni kazi ya mtu mwingine," nikasema. Nikachukua jembe nikavifukia vyote, nikianzia na vile vya barabarani, majirani wasije wakavisifu.