Mgeni Aliyekuja Kumuulizia Luteni

Nyumba ya fundi friji haijawahi kukosa watu, lakini jioni ile hata kizingiti kilikaliwa. Waliokosa viti walipanda juu ya friza mbovu lililokuwa likisubiri gesi, wakaning'iniza miguu kama wako jukwaani. Kisa chenyewe kilikuwa kijana wa nyumba hiyo. Mtaa mzima ulishamwita Luteni kabla jeshi halijampa hata kofia. Alikuwa amerudi kutoka kwenye usaili wa mafunzo ya uafisa, na watu walikuja kumpimia nafasi yake, kila mtu na mizani yake.

Mizani iliyoheshimiwa zaidi ilikuwa ya Sajini, mstaafu wa nyumba ya nyuma, ambaye kiuno kilishakataa gwaride lakini mdomo bado unapiga saluti.

"Mbio?" aliuliza.

"Nilikuwa wa tatu, mzee."

"Wa tatu safi. Wa kwanza huwa wanamtilia shaka. Wanasema huyu, mambo yakichacha, ndiye atakayetukimbia."

Watu wakacheka. Luteni naye akacheka, kichwa chini.

"Daktari?"

"Amenigonga magoti, amenichungulia masikio, amenihesabu meno. Kasema niko sawa."

"Meno ya nini tena?" akadakia Mama Pacha, jirani wa ukuta mmoja. "Anakwenda kuwauma hao maadui?"

"Nyamaza, mama. Haya, zoezi la uongozi?"

Luteni akaeleza. Walipewa mapipa na ubao mfupi, wavuke shimo, yeye akiwa mkubwa wao. Mwenzao mmoja akateleza akaangukia ndani.

"Ukamfokea?"

"Hapana, mzee. Nilishuka nikamsukuma kwa bega mpaka akatoka. Mimi nikatoka wa mwisho."

Sajini akamgeukia fundi friji. "Baba mtu, hiyo ndiyo wanayoitafuta. Mambo mengine ni mbwembwe."

Fundi friji, ambaye sifa humtoa jasho, akajifanya anaangalia waya wa friza.

Mlangoni mwa jiko alisimama dada yake na sinia la chai. Mtaani huitwa Redio, maana habari humfikia kabla haijatokea. Ana saluni ya kike hapo mbele ya nyumba, na ndiye aliyemlea Luteni tangu mama yake mzazi alipofariki, mtoto akiwa bado anatambaa. Ndiyo maana kijana hamwiti shangazi kama wengine wanavyoita shangazi zao. Humwita Mama Shangazi, na hakuna aliyewahi kumsahihisha.

"Kimebaki kitu kimoja tu," Sajini akaendelea. "Watu wa kuulizia. Hawa hawaji na gari wala magwanda. Mmoja anakuja mtaani kama mgeni wa kawaida, anauliza huyu kijana ni mtu wa namna gani, hasemi ametoka wapi. Na wameshaanza. Juzi walikuwa mtaa wa pili."

"Sasa utamjuaje?" akauliza fundi friji.

"Viatu, bwana! Mwanajeshi hata akienda kuiba hawezi kuvaa kiatu kisichong'aa."

"Basi aje tu," akasema Mama Pacha. "Nani hapa atamsema vibaya mtoto huyu? Tena afikie kwa Redio! Atamsifu mpaka yule bwana apige simu wamlete jenerali."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Vikombe vikagongana juu ya sinia. Redio akasema sinia limemchoma, akarudi jikoni.

Halikuwa limemchoma.

Huyo mgeni alikuwa ameshakuja. Alikuja saluni wiki iliyopita, asubuhi, wakati mteja pekee alikuwa chini ya draya, hasikii hata akiitwa kuzimu. Mtu mzima, shati limenyooshwa, kipara safi.

"Karibu, kaka," Redio alimwambia. "Ila hapa tunasuka. Na hicho kichwa chako hata nzi anateleza."

Mgeni alitabasamu kwa adabu, akakaa kwenye benchi. "Sikuja kwa nywele, dada. Nimeambiwa wewe ndiye unayemjua vizuri kijana wa fundi friji."

Sasa siku hizo hizo Mama Pacha alikuwa ameuacha uvumi pale saluni, na uvumi ukiachwa saluni haukosi kuota mizizi: mwenye duka la vifaa vya ujenzi amemtupia jicho Luteni kwa ajili ya binti yake. Na kwa watu wa mtaa ule, mtu mzima mwenye shati la pasi akija kumuulizia kijana kwa sauti ya chini, huyo ametumwa na upande wa binti, hakuna mjadala. Shangazi mtu akiulizwa, kazi yake inajulikana. Ni kumsifu kijana mpaka bibi harusi amuote.

"Tabia yake vipi?"

"Maji mtungini, kaka. Hana neno na mtu."

"Ana hasira?"

"Azitoe wapi? Kuku akichinjwa hapa, yeye anahama uani. Akiangalia filamu ya huzuni analia kunishinda."

"Na maamuzi yake? Huamua mwenyewe?"

"Hanunui hata soksi bila kuniuliza. Atakayempata amepata pamba, usiku anaegemea, mchana anafutia machozi."

Mgeni aliitikia kwa kichwa. Redio alichukua ufagio, akawa anafagia nywele sakafuni huku akiongea, maana mikono yake haijui kukaa bure.

"Nasikia ana mpango wa kwenda jeshini."

Hapo ufagio ulisita. Mama gani atamtoa binti yake kwa mtu ambaye leo yuko, kesho yuko porini? Redio akashusha sauti, kama mtu anayetoa siri ya bei ya kununulia.

"Ah, hilo! Hilo ni joto la ujana tu. Baba yake ndiye anayelipenda jeshi. Mwenyewe akipata wa kumtuliza, atalisahau."

Mgeni akashukuru, akaondoka. Redio alibaki na furaha ya mtu aliyefunga ndoa kabla ya chakula cha mchana.

Furaha hiyo ndiyo sasa iliyomkaa kooni, jikoni, huku sebuleni wakipigia mahesabu nafasi ambayo yeye alishaitoboa. Pamba! Nani anataka afisa wa pamba? Alifungua bomba, akaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Na lililomchoma zaidi ni jingine. Yeye ndiye mwenye macho ya kuona mimba kabla ya mwenye nayo. Humjua mwanamke aliyegombana na mumewe kwa namna anavyokaa kitini. Sajini alipotaja viatu, hakuhitaji kukumbuka. Viatu vile alikuwa navyo kichwani tangu siku ile, vyeusi, kamba zimefungwa sawasawa, vinang'aa mpaka taulo zilizotundikwa ukutani zilionekana ndani yake.

"Mama Shangazi."

Luteni aliingia na vikombe vingine, akaanza kumfutia vile vilivyooshwa.

"Wale wote wanasema yao," alisema. "Sajini ananipenda, Mama Pacha anapenda kelele. Wewe unasoma watu. Niambie ukweli, unaionaje nafasi yangu?"

"Utapita," alijibu, bila kugeuka.

"Kweli?"

"Nimekwambia utapita. Nenda kakae na wageni."

Akaenda akipiga mluzi. Mluzi ule ulimuumiza Redio kuliko tusi.

Asubuhi alimwendea Sajini, akamkuta anamwagilia mchicha wake. Akamzunguka kama kawaida yake: kuna dada mmoja, mteja, ameulizwa kuhusu mtoto wa ndugu yake, amejibu ovyo, sasa anataka kujua kama maneno yanaweza kurekebishwa.

Sajini aliweka kopo chini. Hakumuuliza ni mteja gani.

"Mwambie huyo dada aende getini kambini, aeleze. Watamsikiliza. Lakini asiende kwa kificho. Wakiona jamaa wanakuja chinichini kumpigia debe kijana, ndiyo wamemzika kabisa. Kijana lazima ajue, na aende naye."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Anyamaze, asubiri majibu. Kisha amtazame usoni kila siku ya Mungu."

Redio alirudi. Luteni alikuwa anamfungulia milango ya saluni, kama kila asubuhi. Akamwambia kaa. Kijana akakaa kwenye kiti cha kusukia, akijiona kwenye kioo, na shangazi akasimama nyuma yake kama anayetaka kumchana. Akamweleza yote. Mshono wa uongo ulikuwa mrefu, lakini ukweli ulichukua muda mfupi sana.

Luteni hakuruka wala hakufoka. Alimtazama kupitia kioo.

"Ulisema silitaki jeshi."

"Nilidhani ni watu wa yule binti, mwanangu."

"Nimeamka na giza kukimbia mwaka mzima. Wewe ndiye unayenifungulia mlango."

"Ndiyo."

"Ulijua ni nani?"

Hapa ndipo angeweza kusema hapana. Hapana ilikuwa tayari mdomoni, imeshavaa na kujipodoa. Lakini aliangalia sakafu.

"Sikujua," alisema. "Ila viatu niliviona. Nilifagia kuvizunguka, nikasema moyoni hivi si viatu vya watu wa duka. Kisha nikaendelea kusema." Akashika mgongo wa kiti. "Ukienda, nani atanifungulia hii milango?"

Kijana akainuka. Alifunga tena milango, mmoja mmoja, mpaka shangazi akatamani angemtukana. Kisha akasema, "Chukua mtandio. Twende."

Getini walikaa kwenye benchi la zege, mkoba wa shangazi ukiwa katikati yao. Yule mgeni alitoka, leo akiwa na magwanda, viatu vile vile. Redio alieleza akiwa amesimama. Kwa mara ya kwanza maishani hakutia chumvi. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Luteni.

"Wewe ndiye uliyemleta?"

"Ameamua mwenyewe kunieleza, afande. Mimi nimemsindikiza."

"Umemkasirikia?"

Luteni alifikiri. "Ndiyo, afande."

Mgeni akamtazama kidogo, kisha akasema wamesikia, majibu yatatoka siku yake, warudi nyumbani. Usoni mwake hapakusomeka kitu, na Redio alijaribu kusoma mpaka macho yakamuuma.

Jioni nyumba ilijaa tena. Mama Pacha alikuwa ameshapata fununu. "Mmeonekana getini kambini! Haya Redio, fungulia mitambo, kulikoni huko?"

Watu wakamgeukia. Sajini aliangalia chai yake. Redio alifungua mdomo, na Luteni akamtangulia.

"Nilisahau cheti changu kule. Nikamwomba anisindikize."

"Basi? Cheti tu?"

"Cheti tu. Mzee Sajini, hebu tuendelee. Tuseme wamenipokea, kuruti wa uafisa analala saa ngapi?"

"Analala?" Sajini akadaka mpira. "Nani kakwambia analala?"

Kicheko kikarudi, friza likatetemeka chini ya makalio ya watu. Fundi friji akasema mwanawe atapita, kwa nini asipite, kwani kakosa nini? Hakuna aliyempinga.

Redio alipita na sinia. Kila mtu alichukua kikombe na kumtania neno. Alipofika kwa Luteni, kijana alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kama anavyopokea kwa mama wa mtu mwingine.

"Asante, shangazi," alisema.