Jina la Baba Mkwe

Kijijini kwetu watu wanasema mume wangu aling'olewa uenyekiti na shamba la ngano. Waache waseme. Shamba lilihangaika naye miaka mitatu na likashindwa. Aliyemng'oa ni mimi, Fabiola, mke wake wa ndoa, kwa neno moja, mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, mchana kweupe.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Dirma. Nusu yetu tulikuwa Wabarbaig, watu wa ng'ombe, na nusu ni Wairaqw waliotoka Bashay na sehemu nyingine za Mbulu kutafuta pa kulima. Mume wangu, Gidamis, alichaguliwa mwenyekiti kwa sababu pande zote mbili zilimwamini, jambo ambalo si dogo, maana sisi na wao tulikuwa tukigombania hata kivuli. Miaka hiyo mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yanapanuka tu. Leo unalisha ndama mahali, kesho unakuta vigingi. Mwishowe tulibakiwa na njia moja ya kupeleka ng'ombe kwenye maji, ukanda mwembamba wenye ngano huku na ngano huku, na meneja wa shamba akautaka na huo. Ili aupate alihitaji mhuri wa mwenyekiti. Gidamis alikataa mara tatu.

Basili, balozi wa nyumba kumi, alisema waziwazi kwamba kiti kikiwa chake atasaini, na shamba litatulimia kwa trekta siku mbili kila mwaka. Siku mbili. Sijui ng'ombe wake walikuwa wanakunywa maji siku ngapi kwa mwaka. Kwa hiyo kila mtu alijua: Gidamis akitoka, njia imekwenda, na njia ikienda, ng'ombe wamekwenda.

Sasa nieleze jambo la pili, maana bila hilo hutanielewa. Kwetu Wabarbaig mke hataji jina la baba mkwe wake, wala majina ya wakubwa wa ukoo wa mume. Nilipokaribia kuolewa, mama aliniketisha akanifundisha majina ambayo sitayatamka tena mpaka nife. Baadaye nilibatizwa kanisani kule Katesh, na padri akaniambia nisiogope, mila hiyo si dhambi. Niliishika. Unaizoea mpaka ulimi wenyewe unakataa.

Na baba mkwe wangu alikuwa mtu mkubwa. Alipofariki walimjengea bung'eda, kile kilima cha udongo tunachowainulia juu ya kaburi wazee wachache walioheshimika. Kilijengwa kwa miezi, na siku ya kukimaliza walikuja watu wa koo zote, pombe ya asali ikanyweka, wazee wakaimba. Bung'eda haiwekwi msalaba wala maandishi. Ya nini, wakati kila mtu anajua aliyelala pale? Mvua inaishusha kidogo kidogo, majani yanaota, na mgeni akipita anaweza kudhani ni kichuguu.

Mgeni alipita mwezi wa kumi na moja. Alikuwa Theodory, karani wa shamba, kijana mpole, wala simlaumu sana. Alikuwa na kitabu cha kuandikia makaburi. Akanieleza kwamba kila kaburi litakaloandikwa na jina lake, matrekta yatalizunguka. Siku hiyo Gidamis alikuwa Katesh kwenye ofisi za wilaya, akiombea ileile njia ya ng'ombe. Wanaume wengine walikuwa malishoni.

Aliniuliza kama kile kilima ni kaburi, nikasema ndiyo. La nani? La mzee. Mzee yupi? Mwenye mji huu. Akauliza, mwenyekiti? Nikamwambia hapana, aliyemzaa mwenyekiti. Anaitwa nani? Nikanyamaza. Nilimwomba asubiri mwanangu Kornelia atoke shule amtajie, akasema gari haliwezi kumngoja mtoto. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mjinga. Kisha akaandika, akakishika kidole changu gumba, akakibonyeza kwenye wino na kwenye karatasi. Alichoandika ni kwamba mke wa mwenyekiti ameulizwa, na makaburi yenye jina hakuna.

Gidamis aliporudi nilimweleza yote. Hakunikaripia. Kesho yake alikwenda kwenye ofisi ya shamba kulitaja jina yeye mwenyewe, akaambiwa kitabu kimepelekwa Arusha. Akarudi tena, na tena, akawa anaambiwa vilevile. Mwezi wa kwanza trekta lilipita juu ya bung'eda asubuhi moja, na kufikia saa nne pale palikuwa shamba kama shamba lingine.

Uvumi ulianza hapo. Kwamba Gidamis ameuza kaburi la baba yake. Kwamba alimfundisha mkewe kusema hakuna kaburi, kisha akaenda zake Katesh kujifanya hayupo. Ndugu zake waliacha kuja kwetu. Nilimsihi awaeleze ukweli kwamba niliulizwa jina nikashindwa. Akakataa.

"Wakijua ni wewe, watasema wewe ndiye uliyemwacha baba alimwe," aliniambia. "Mimi nina mgongo mpana. Niachie."

Mkutano wa kumwondoa uliitishwa mwezi wa tatu, ngano ikiwa imeshaota. Alikuja bwana mmoja kutoka wilayani kuusimamia, na Theodory akaja na kitabu chake, ambacho safari hii hakikuwa Arusha. Nikolausi, katibu wetu wa kijiji, alisoma ile karatasi kwa sauti inayotetemeka, maana alimpenda Gidamis. Kisha Basili akasimama, akauliza swali moja tu: mtu aliyeuza kaburi la baba yake, atashindwaje kuuza kijiji? Nilitamani kumcheka. Yeye ndiye aliyekuwa na hamu ya kuuza. Lakini swali liliingia watu moyoni.

Gidamis alipopewa nafasi alisema, "Sikuuza," akakaa.

Bwana wa wilaya akaeleza namna ya kupiga kura. Wanaotaka mwenyekiti aendelee waende upande wa ghala, wasiomtaka waende upande wa barabara. Watu wakaanza kugawanyika, na nikamwona Efrazia, dada wa Gidamis wa tumbo moja, anajifunga kanga yake na kuelekea barabarani. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikasimama.

Niliwaeleza kila kitu: kitabu, kidole, swali nililoulizwa, na kwa nini nilinyamaza. Nilisema mume wangu amebeba kosa langu miezi minne, na kwamba mwenye hasira anijie mimi. Sikuwa nimewahi kuongea kwenye mkutano. Lakini maneno yalikuja.

Na walinielewa. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Wanawake wa kwetu walinielewa kabla sijamaliza, maana kila mmoja wao anayo majina yake ambayo hayatamki. Bibi mmoja akasema pale alipokaa kwamba hata yeye angenyamaza. Efrazia akasimama njiani, akageuka, akaja upande wa ghala akilia. Wengine wakamfuata. Wairaqw wakawa wanaulizana, wakielezwa na majirani, wakavuka nao. Nikamwona Basili anahesabu watu kwa macho, uso umemshuka.

Hapo ndipo ningekaa.

Lakini Theodory alikuwa amesimama, na nafikiri dhamiri ilikuwa inamsuta kweli. Akasema kama kosa lilikuwa la kutotajwa jina, basi nilitaje sasa, ataandika, na meneja atalazimika kurudisha kile kilima. Gidamis akasema atalitaja yeye. Bwana wa wilaya, mtu wa mbali asiyejua mambo yetu, akakataa. Aliyetia kidole ni mama, akasema, na anayesahihisha ni yuleyule aliyetia kidole.

Niliwaza haraka, na niliwaza vibaya. Kiti cha mume wangu nilikuwa nimeshakiokoa, ila nikataka na baba mkwe nimrudishe. Nikajiambia kwamba kama ukimya wangu ndio uliomfanya alimwe, basi sauti yangu na imtoe. Watu wameshanielewa, watanielewa na hili.

"Mama Kornelia," Gidamis aliniita taratibu. "Kaa."

Nikalitamka. Sitalirudia hapa. Nililitamka mara moja tu maishani, kwa sauti, mbele ya wanawe na binti zake na wakwe zake wote, na Theodory akainama akaandika.

Hakuna aliyenipigia kelele. Bibi aliyenitetea alijifunika kichwa kwa nguo yake, akainuka akaondoka. Efrazia alinitazama kama hanijui. Alisema neno moja tu, kwamba nyumba ambayo mke anamwita baba mkwe kwa jina mbele ya watu haina tena mwenyewe, sembuse wa kuongoza kijiji, kisha akavuka kwenda barabarani. Ndugu zake wakamfuata, kisha ukoo, kisha upande wetu karibu wote. Upande wa ghala alibaki Nikolausi na Wairaqw wachache ambao hawakujua kilichotokea, na wale walipoona wenye msiba wenyewe wameondoka, nao wakapunguapungua.

Gidamis alitoa mhuri mfukoni akaukabidhi. Kuhusu kilima, meneja alijibu baadaye kwamba jina limepokelewa, ila mahali pa kaburi hapaonekani tena. Basili alisaini wiki iliyofuata. Kabla ya Pasaka njia ilikuwa imelimwa.

Siku ile tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Nilikuwa nasubiri anitukane, na ningeshukuru, maana kutukanwa kungenipa mahali pa kuanzia. Tulipofika kwenye mpaka wa ngano alisimama, akatazama kule kilima kilipokuwa, majani mabichi tu mpaka mbali.

"Ulilitamka vizuri," alisema. "Tangu tulipomzika sijasikia mtu anamwita."

Kisha akakaa chini ukingoni mwa ngano akalia kama mtoto, na mimi nikakaa karibu naye, nisithubutu kumgusa.