Mdomo wa Mwasisi

Kazi ile kila mchongaji angeililia: kubuni sura ya mwasisi wa taifa, ije ichongwe kwenye mlima, kubwa hivi kwamba mtu angesimama wima ndani ya sikio lake. Ila kabla baruti haijagusa jiwe, mchongaji alitakiwa atengeneze kwanza mfano wa udongo, na familia ya marehemu iuone.

Kilicholeta shida ni mdomo. Mwasisi alizaliwa na mdomo wa juu uliopasuka, na maisha yake yote hakuuficha. Siku mwenyekiti wa kamati alipoingia karakana, aliutazama mfano akakunja uso.

"Fundi, ziba huo mwanya. Watu watadhani mlima umebomoka."

Wajumbe wakaangua kicheko. Mchongaji naye akacheka, akalowesha kidole, akauziba.

Baadaye akaja mjane wa mwasisi, ambaye macho yake hayaoni tena, ameshikwa mkono na binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, aliyerithi mdomo wa baba yake vilevile. Bibi akapapasa paji la uso, pua, kisha vidole vikakwama.

"Mwanangu, huyu ni nani?"

Mchongaji alimtupia jicho mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa akichezea simu.

"Ndiye mwenyewe, mama. Tumefuata picha."

"Hata hapa mdomoni?"

"Hata hapo, mama."

Bibi akaondoa mkono. "Uzee huu," akasema. "Mume wangu mwenyewe, leo nasahau mdomo wake! Mnisamehe, nawapotezea muda."

Binti alivuta ncha ya mtandio, akafunika mdomo wake, akamwongoza mama yake nje.

"Umeona?" mwenyekiti akasema. "Imepita bila kelele."

Mchongaji alitamani ardhi ipasuke immeze. Walipoondoka wote, alichukua kijiti akaufungua upya ule mdomo, lakini moyo haukutulia. Kesho yake akaenda kwa mjane. Binti ndiye aliyefungua mlango.

"Tangu jana ananiuliza kama amechanganyikiwa," alisema. "Mwambie ukweli, halafu uende."

Akamwambia, amesimama, macho sakafuni.

"Kumbe sijasahau," bibi akasema polepole. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ukaniacha nikuombe radhi."

Mchongaji alitoka kinyumenyume kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Siku hiyohiyo alimwambia mwenyekiti kwamba hatauziba tena mdomo ule, na kamati ikamtafuta mchongaji mwingine. Habari zikaenea mtaani kwamba ameacha donge nono kwa kutetea ukweli. Kinyozi akakataa kumlipisha. Majirani wakamwita jasiri, wakimpa mkono barabarani. Hakuna aliyejua ya karakana, naye hakuthubutu kuyasema. Akawa akiona mtu anakuja amekunjua mkono na tabasamu, anainamisha kichwa na kuvuka upande wa pili.